Fahali wa Bi Zamda

Sehemu ya tisa

Kama ndiyo kwanza unaokota gazeti hili, usihangaike kutafuta ya nyuma. Naitwa Shamila. Mume aliniacha Dar, kazi ikaniacha baada ya mume, nikarudi kwetu Tabora na binti yangu Ummy wa miaka sita na begi lenye zipu mbovu.

Aliyenishika mkono ni Mzee Sadiki, fundi cherehani wa Gongoni, mweka hazina wa Umoja wetu wa kuzikana. Yeye ndiye aliyewaomba wanipe kazi ya kuandika vitabu vya Umoja. Mwezi Machi, kidole tumbo cha Ummy kilipopasuka, yeye ndiye aliyekuja hospitali na laki saba ndani ya leso, akaniambia ameuza cherehani yake na nisimuulize zaidi. Sikumuuliza.

Jumamosi iliyopita mliniacha kwenye kikao cha kamati, mzee huyo huyo ananyang'anywa ufunguo wa kasha, na mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake nimenyamaza kimya.

Leo naanza na ule ukimya, kwa sababu ndio unaoninyima usingizi.

Ilikuwa hivi. Nilipojumlisha hesabu za mwaka, upande wa kulia uliuzidi upande wa kushoto kwa shilingi laki saba na kumi na moja elfu. Pande hizo mbili lazima zilingane. Zisipolingana, mwandishi wa vitabu anafungua akaunti ya mashaka, yaani anaiweka tofauti pale kwa muda, kama mtu anavyoweka kitu cha wenyewe juu ya kabati, mpaka ajue ni cha nani. Nikaifungua. Nikaandika Mashaka, 711,000, nikaipeleka kamati.

Mwenyekiti wetu, Bwana Silasi Mahona, ni mstaafu wa reli. Ni mtu mnyoofu kupita kiasi, anayetazama saa hata anapokunywa chai. Aliutazama ule mstari, akanitazama mimi, akauliza pesa hizo zimeliwa na nani.

Swali lile lilikuwa na jibu. Mtu yeyote aliyesoma hesabu hata mwaka mmoja analijua. Pande mbili kutolingana si wizi. Nilikuwa nimehesabu pesa za kasha na za benki, zote zilikubaliana na daftari la fedha mpaka shilingi ya mwisho. Nilitakiwa niseme, "Mwenyekiti, pesa zipo, kosa liko kwenye maandishi yangu."

Lakini nilikuwa kwenye miezi sita ya majaribio. Nikaona kazi inaondoka, nikaona kodi ya chumba, nikaona Ummy na kovu lake. Nikainamisha kichwa kama bibi harusi.

Wajumbe wakatafuta mtu mwingine wa kumtazama, wakamtazama anayebeba kasha. Mzee Sadiki naye hakujitetea. Alivua kamba ya ufunguo shingoni, akaiweka mezani taratibu. Nilidhani ni ukaidi wa kizee.

Sasa mjue uzito wake. Katiba ya Umoja inasema anayekula pesa za wafiwa anafutwa, na aliyefutwa siku akifa hatumchimbii kaburi, hatumnunulii sanda, hatumbebi. Mzee Sadiki ana miaka sabini na minane. Hana mke, hana mtoto. Ndiye aliyekata sanda za nusu ya wazee wa mtaa huu bila kupokea hata soda. Kura ya kumfuta ilipangwa Jumapili, kwenye mkutano mkuu, baada ya alasiri.

Nilikuwa na siku sita.

Jumatatu nilianza kwa mbinu niliyofundishwa chuoni. Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila baki, mara nyingi kuna mahali tarakimu mbili zimebadilishana viti. Laki saba na kumi na moja elfu inagawanyika. Nikapitia leja ukurasa kwa ukurasa, nikiwa nimesahau chai mezani mpaka inzi wakajipatia kaburi.

Jumanne nikalipata. Tulilipa elfu arobaini na tano kushona turubai lililochanika, na mimi kwenye leja niliandika elfu hamsini na nne. Nikasahihisha, nikapiga hesabu upya.

Tofauti ikapanda. Ikawa laki saba na ishirini elfu.

Kumbe lile kosa dogo lilikuwa limeficha sehemu ya lile kubwa. Nilikuwa nimefanya kazi halali, na hali ikawa mbaya zaidi kuliko nilivyoikuta. Nilicheka peke yangu. Ummy akaniuliza mbona ninaongea na daftari.

Jumatano nikajaribu mbinu ya pili. Labda kuna kitu cha upande wa kushoto nilikiandika kulia, basi kiasi chake kingekuwa nusu ya tofauti. Nikatafuta laki tatu na sitini kila mahali. Nilitafuta kwenye kodi ya viti, kwenye masufuria, kwenye ada. Hakuna. Usiku nilikuwa nikifumba macho naona mistari miwili ya wino mwekundu.

Alhamisi adhuhuri, nimeshachoka na leja, nikavuta boksi la orodha za rambirambi. Kila msiba una orodha yake, tunaandika jina na alichotoa mtu palepale kwenye mkeka. Nikafika msiba wa Bibi Minza, ule wa mwanzoni mwa Machi.

Mstari wa kumi na tisa: Zamda Kondo, fahali, 720,000.

Mwandiko ulikuwa wangu.

Nikakumbuka siku yenyewe. Bi Zamda ni Mzaramo wa miaka mingi hapa kwetu, na sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za babu zetu kubeba mizigo kwenda pwani. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Siku ile Bi Zamda alivaa koti la marehemu, akakalia sufuria ya wali akidai hatoki mpaka alipwe, akaigiza Bibi Minza anavyokohoa mpaka wafiwa wenyewe wakaangua kicheko. Kisha akaja mkekani kwangu akagonga daftari kwa fimbo.

"Andika. Zamda binti Kondo ametoa fahali wa laki saba. Weka na ishirini ya kamba ya kumfungia."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikaandika. Nani asingeandika?

Kosa likaja baadaye. Daftari la fedha nililijaza kwa pesa zilizohesabiwa, na hapo fahali hakuwepo. Lakini akaunti ya Michango kwenye leja niliijaza kutoka kwenye orodha, mstari kwa mstari, bila kufikiri. Fahali wa maneno matupu akaingia kulia, na kushoto hakuna kitu cha kumsimamia.

Mimi. Si mzee, si kasha. Ni mimi na mkono wangu huu.

Nililia kwa aibu, nikafurahi nikiwa bado nalia. Dawa yake ilikuwa mstari mmoja tu. Kushoto ningeandika Michango, 720,000. Kulia ningeandika Mashaka, 720,000. Fahali anatoka, akaunti ya mashaka inafungwa, mzee anarudishiwa ufunguo wake. Mimi wangenifukuza, na niliona ni haki yao.

Ijumaa baada ya sala nikaenda Gongoni. Tangu kwenye kona nilisikia cherehani inakimbia. Mzee Sadiki alikuwa amekaa nayo mlangoni, anashona kanzu ya mtoto. Nilimuuliza, naye akasema bila kuinua macho kwamba ameikomboa. Nikafurahi kwa ajili yake.

Nilipiga magoti kwenye vitambaa, nikamwamkia, nikamweleza yote, mpaka ule ukimya wangu wa kwenye kamati. Nilitegemea anilaumu. Nilikuwa hata namwomba Mungu anilaumu.

Aliuliza jambo moja tu. "Umeshamwambia nani?"

Nikamwambia bado, ila kesho nakwenda Ntalikwa kwa Bi Zamda. Huwezi kulifuta neno la mtani bila yeye kukubali mbele ya watu kwamba lilikuwa la utani, na Bwana Silasi hasaini sahihisho lisilo na shahidi.

Mguu wake kwenye cherehani ukasimama. "Usiende, mwanangu. Zamda anaumwa mguu, mwache apumzike. Andika utani, funga kitabu, yaishe."

Nikasema nitakwenda kwa upole. Akarudia nisiende, mara hii akinishika mkono. Nikaona ni huruma yake tu, mzee asiyetaka kusumbua watu hata wakati shingo yake mwenyewe imo kwenye kitanzi. Nikambusu mkono, nikaondoka nimejaa nguvu.

Jumamosi asubuhi nilimkuta Bi Zamda ukumbini kwake, mguu juu ya kigoda, anabambua karanga. Nilimwamkia, akaitikia marahaba ndefu, akaniuliza kama Wanyamwezi siku hizi wanatembelea wagonjwa mikono mitupu.

Nikampa sukari niliyobeba. Nikamweleza shida yangu kwa adabu zote, kwamba ule utani wake wa fahali uliniponyoka ukaingia kwenye leja, kwamba mtu anataka kufutwa kwa ajili yake, kwamba namwomba kesho aje aseme alikuwa anatania.

Aliacha kubambua.

"Babu zako walibeba meno ya tembo kutoka hapa mpaka kwetu pwani wasidondoshe hata moja. Wewe karatasi moja tu imekushinda."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mimi sikutania, binti. Fahali nimelipa."

Nikamwambia haiwezekani. Akasema inawezekana sana, kwani aliuza mpunga gunia tano na mbuzi wawili. Nikamuuliza kwa nini basi alifanya kichekesho. Akanitazama kwa kunihurumia, akaeleza taratibu kama anayefundisha mtoto. Miaka arobaini iliyopita aliteremka kwenye treni hapa Tabora na mimba ya miezi saba, mwanamume aliyemfuata hayupo. Bibi Minza ndiye aliyemkuta amekaa juu ya mzigo wake stesheni, akamchukua, akamlaza kitandani kwake, na yeye akalala chini.

"Sasa nimlipe Minza mbele za watu, wanipigie makofi? Mtani akilipa hadharani anageuka mfadhili. Pale mkekani nilifanya kichekesho. Siku ya nane nikapeleka pesa kimyakimya, maana wewe hukuwepo, walisema upo hospitali na mtoto."

Nikamuuliza alimpa nani. Yeye alikuwa ameshainuka anachechemea kwenda chumbani. Alirudi na kopo la maziwa ya unga, akalifungua, akanipa karatasi.

"Alinipa hii. Mimi kusoma sijui."

Ilikuwa risiti ya Umoja. Tarehe kumi na tatu Machi. Imepokelewa kutoka kwa Zamda Kondo, shilingi laki saba na ishirini elfu, msiba wa Bibi Minza. Mwandiko ulikuwa wa Mzee Sadiki, zile herufi zake za kulala ubavu ambazo naziona kila siku kwenye vipimo vya nguo.

Na chini yake, saini yangu.

Jamani, nimewaungamia mengi katika wiki hizi tisa, lakini hili nilikuwa sijawaambia kwa sababu nililiona dogo. Siku nilipombeba Ummy kukimbilia hospitali, nilisaini risiti tano tupu nikamwachia Mzee Sadiki, ili kazi isisimame. Haikubaliki popote, na kila mtu anafanya. Niliporudi alinirudishia nne. Ya tano alisema imelowa mafuta ya cherehani, ameitupa. Fundi aliyekwisha kuuza cherehani, mafuta aliyatoa wapi? Hilo nalo sikumuuliza.

Tarehe kumi na tatu Machi ndiyo siku Ummy alipoingizwa chumba cha upasuaji.

Cherehani haikuuzwa. Haikukombolewa. Laki saba zilizofungwa kwenye leso zilikuwa fahali wa Bi Zamda, na ile ishirini bila shaka ndiyo nauli ya pikipiki na supu aliyoniletea wodini siku tatu mfululizo. Nilikunywa ile supu. Nilimwombea dua wakati naikunywa.

Ndiyo maana hakujitetea. Ndiyo maana hakutaka niende Ntalikwa. Kwenye kamati mimi nilinyamaza kujilinda mwenyewe, na yeye alinyamaza kunilinda mimi huyo huyo.

Bi Zamda aliniona nimebadilika rangi, akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Nikakusanya akili na kumuuliza, je, mimi nikiandika tu kwamba ilikuwa utani, naye akakubali, kuna ubaya gani? Pesa hazidaiwi na mtu.

Akavuta pumzi. Akasema kwenye mkutano mkuu majina ya michango yote husomwa, na mwaka huu ameamua kuja na mguu wake huo mbovu, akae mbele, asikie jina lake na fahali wake mara moja tu kabla naye hajamfuata Minza. Hakuna aliyemwamini siku ile mkekani, na alitaka waamini sasa.

"Chukua karatasi yako. Kesho uwasomee."

Nikarudi mjini na ile risiti ndani ya sidiria, inanichoma kama kaa. Jumapili mpaka mchana niliiweka mezani, nikaiondoa, nikaiweka tena. Jikoni kulikuwa na jiko linawaka. Risiti haikuwa na nakala, nilishatazama kitabu, kipande chake kilikuwa kimechanwa.

Uchungu wa kazi yangu ni huu. Akaunti ya mashaka inafungwa kwa jina lolote utakaloandika kushoto. Nikiandika Michango, inalingana, na Bi Zamda anakuwa muongo mbele ya kaburi la rafiki yake. Nikiandika Sadiki, inalingana pia, na mzee anafutwa. Daftari lenyewe halijali. Yote mawili yanaleta sifuri safi.

Baada ya alasiri uwanja ulijaa, watu kama mia mbili kwenye viti vyetu wenyewe vya msiba. Bi Zamda alikaa mbele kabisa, kavaa kanga mpya. Mzee Sadiki alikaa nyuma, na Ummy, ambaye hajui lolote, alikwenda moja kwa moja akampanda mapajani kama kawaida yake.

Bwana Silasi alitazama saa, akasema kabla ya kura mwandishi wa vitabu ana sahihisho. Nikasimama. Mzee akanitazama kutoka kule nyuma, akatikisa kichwa polepole, mara moja.

"Soma," Bwana Silasi akasema. "Kushoto umeandika nini?"

Nilikuwa sijaandika kitu. Nafasi ilikuwa tupu. Nikaiangalia, nikamwangalia mwanangu anavyochezea kifungo cha koti la yule mzee, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikaona kuna jina la tatu ambalo sikulifikiria. Nikaegemeza daftari mkononi, nikaandika nikiwa nimesimama, nikasoma.

"Kushoto, Shamila Awadhi, laki saba na ishirini elfu. Kulia, Mashaka, laki saba na ishirini elfu. Fahali wa Bi Zamda alilipwa. Pesa zilinifikia mimi. Mzee Sadiki hana deni."

Bi Zamda alipiga fimbo chini kwa kuridhika. Nyuma yake uwanja mzima ukageuka kunitazama. Nilihisi wepesi ambao sikuwahi kuuhisi tangu nirudi Tabora.

Ulidumu muda wa kumeza mate.

Mzee Sadiki alimteremsha Ummy, akajiinua kwa kushika kiti cha mbele yake. "Mwenyekiti, huyo mtoto anakudanganya. Alikuwa wodini, hajui pesa zilitoka wapi. Nilipokea mimi, nikachukua mimi. Mkimfuta yeye, mimi sitakanyaga hapa tena."

Bwana Silasi hakutazama saa. Alitutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu. Kisha akasema mmoja wetu anajifutisha bure, na karatasi haitanii wala haina huruma, basi kama fahali alilipwa kweli, risiti iletwe.

"Anayo huyo," Bi Zamda akasema, akininyooshea fimbo, mwenye furaha kwamba hatimaye itasomwa.

Mzee Sadiki akafumba macho.

Nikaitoa. Ilikuwa imelowa jasho. Bwana Silasi akaipokea, akavaa miwani, akaanza kuisoma kwa sauti kuanzia juu, ambako kuna mwandiko wa mzee wangu, akishuka taratibu kwenda chini kwenye saini yangu.